Neno Flama, na Safari ya Kwenda Kihesa

Kutoka Iyunga

Ndugu zangu mafundi, tangu Jumapili niliporudi kila mmoja wenu amenivuta pembeni na swali lake. Huyu anataka kujua Bruda Hendriki nimemwacha wapi. Yule anataka kujua kwa nini nanuna mtu akisema ukuta umekuwa flama, wakati neno hilo tumelitumia hapa miaka tisa na mimi ndiye niliyekuwa nalicheka kuliko wote. Nimechoka kusimulia vipande vipande, na ninyi kwa kukatiza mnajijua. Basi nimeandika. Someni mpaka mwisho ndipo mnijie, maana humu ndani kuna jambo langu lisilo zuri.

Nilitaje kabisa, lisije likawashtua njiani. Mliokuja kazini karibuni hamkuliona tao la mlango mkubwa wa kanisa letu. Mnaona ile lenta bapa ya zege juu ya mlango, mnadhani ndivyo ilivyochorwa. Sivyo. Palikuwa na tao la matofali ya kuchoma, na walilijenga mabruda wawili: Hendriki wetu, na Bruda Lambati, yule mwembamba aliyehamishiwa Iringa baadaye. Wote wawili walitoka Ubelgiji. Tao tulilishikilia kwa chini na mirunda, ile miti ya kuegemeza, ili likauke. Jumamosi ile baba yangu mdogo akafariki. Mvua ilikuwa inanyesha, waombolezaji wamekaa nje, na pale nyumbani hapakuwa na hata mti mmoja wa kusimamishia banda. Nikaenda kazini, nikang'oa mirunda sita ya upande wa kushoto, nikaipeleka msibani. Sikumwomba mtu. Mnajua kwetu msiba ukitokea, mti wowote ulio karibu ni wa wafiwa, na nani angeninyima? Jumatatu alfajiri nikairudisha, nikaikaza kwa kabari. Niliona tao limebonyea kidogo. Nikanyamaza. Saa mbili likashuka lote.

Hakuna aliyeumia. Lakini Bruda Lambati alisema aliyepanga matofali hajui kazi, na Bruda Hendriki akasema aliyechanganya chokaa hajui kazi. Wakapandishiana sauti. Ndipo Lambati, mbele yetu sote, akasema lile neno, "Flama!", kwa mdomo wa mtu aliyeuma kitu kichungu. Bruda Hendriki akaweka mwiko wake juu ya tofali, polepole, akaondoka. Hawakusemezana tena. Sisi tukabaki na neno. Tulidhani ni neno la ufundi, maana yake kazi mbovu. Ukuta ukipinda, flama. Mlango ukigoma kufunga, flama. Bruda Hendriki alikuwa anatusikia kila siku ya Mungu, na hakusema kitu.

Jumatano ya wiki iliyopita dereva wa misheni akaleta habari kwamba Bruda Lambati amepigwa na kiharusi na anarudishwa kwao moja kwa moja. Ijumaa saa nne asubuhi gari lingemchukua Kihesa, pale Iringa, kumpeleka Dar es Salaam kwenye ndege. Bruda Hendriki alipoulizwa kama atakwenda kumuaga, akajibu kwamba ana kazi ya paa. Jioni nikamwona mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Yohana, kesho utanisindikiza Iringa?"

Nikasema ndiyo kabla hajafunga mdomo. Alidhani namsindikiza. Mimi nilikuwa nakwenda kusema habari ya mirunda, kwa wote wawili, wakiwa bado wawili. Ijumaa saa nne ikipita, ningebaki nayo mpaka kaburini.

Mbeya hadi Chimala

Basi lilitoka Mbeya asubuhi na mapema, na alasiri tungekuwa Iringa kama si haraka ya dereva. Tulipoteremka kwenye mbuga za Usangu hewa ikabadilika, watu wakaanza kuvua makoti. Kabla ya Chimala tukakuta ng'ombe wanavuka lami, wa wale wafugaji waliohamia huku kutoka kaskazini. Walikuwa wengi, na ng'ombe hajali honi. Mtu mwenye akili angezima injini, akakaa. Dereva wetu akakata kona apite pembeni, basi likaingia kwenye ukingo wa shamba la mpunga na kuzama mpaka kwenye ngazi.

Tukateremka. Mwenye ng'ombe alikuja na fimbo yake begani, akatazama basi, akatazama dereva. Alikuwa na maksai wa kulimia na minyororo, angeweza kututoa. Lakini kwanza alitaka dereva aeleze alikuwa anawapigia honi akina nani. Dereva akasema alikuwa anawapigia ng'ombe. Mzee akasema basi awaombe ng'ombe radhi. Mnacheka, lakini jambo hilo lilichukua muda mrefu kuliko kuvuta basi lenyewe, maana dereva wetu naye alikuwa na kichwa kigumu.

Bruda Hendriki alikuwa anatembea huku na huku, anaitazama saa yake. Mimi nikajisemea, haya Yohana, huu ndio wakati. Nikamsogelea. "Bruda," nikasema, "unakumbuka lile tao?" Akanitazama kwa yale macho yake ya buluu, akasema, "Kila siku." Nikamwambia njaa inauma, twende tukale.

Pale barabarani mama mmoja alikuwa anauza wali wa Usangu, mweupe, wa kunukia, na kambale wa mchuzi. Tukakaa kwenye gogo pamoja na abiria wengine. Kulikuwa na Mzee Ngonyani, Mngoni, askari mstaafu mwenye masharubu meupe, anakwenda kwao Songea. Kulikuwa na Mama Delfina, Mhehe mnene wa Kihesa, aliyetoka kumwona binti yake Mbeya. Mzee Ngonyani alipopokea sahani yake, hata tonge la kwanza hajalitia mdomoni, Mama Delfina akainyakua na kuanza kula.

"Tangu lini mtumwa anakula mbele ya bwana wake?" akasema.

"Bwana gani?" Mzee akaruka. "Mhehe wewe! Babu zako walikimbia wakatupa ngao, bibi zetu wakafunikia vyungu!"

"Mngekuwa na vyungu ninyi? Mlifika huku na njaa kiunoni. Tuliwaonea huruma, tukawaacha hai."

"Nitakuuza Makambako leo. Ila kwa uzee huo hata tumbaku ya kujaza kiko hawatanipa."

Akavuta kitenge cha mama kutoka kwenye kikapu, akakikalia. Mama akamwagia maji ya kunawia miguuni. Hakuna kati yao aliyetabasamu. Bruda Hendriki alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Ghafla akasimama katikati yao, mikono ameinyoosha kama refa.

"Hapana! Basi! Mzee, mwombe mama radhi! Na wewe mama, mrudishie sahani yake!"

Watu walicheka mpaka mwenye ng'ombe na dereva wakaacha ugomvi wao kuja kutazama. Konda akamshika Bruda mkono. "Kaa, Bruda, kaa. Hawa ni watani. Mngoni na Mhehe, ndivyo walivyo." Bruda alikuwa amelisikia neno utani miaka yote aliyokaa nchini, ila alidhani ni watu kuchekeshana. Hakujua kwamba linaweza kuwa na sura kali hivyo.

Mama Delfina akamsogezea nafasi kwenye gogo, akamsalimu kwa Kihehe. "Kamwene, Baba. Usiogope. Huyu mzee ni mali yangu, naweza kumfanya ninavyotaka. Na yeye mimi hivyo hivyo. Zamani tulipigana, tukauana, tukachoka. Sasa tunatukanana. Nikifa, huyu ndiye atakuja kulala kwenye kaburi langu aseme hawanifukii mpaka wampe kuku."

"Jogoo," akasema Mzee Ngonyani. "Wewe mnene, mtetea mmoja hatoshi."

"Na wewe Baba, kabila gani?" Mama akauliza.

"Mflemi."

"Ndio Mjerumani?"

"Hapana."

"Mwingereza basi."

"Hapana, mama. Kuna nchi, Ubelgiji. Ndani yake makabila mawili makubwa. Kaskazini Waflemi, kusini Waloni. Mwaloni anasema Kifaransa. Sisi tuna lugha yetu."

"Basi ndio watani wenu hao."

Bruda akatikisa kichwa. "Sisi hatuna utani. Wao walikuwa juu. Hakimu alisema Kifaransa, ofisa jeshini alisema Kifaransa, na shule ilikuwa Kifaransa. Mimi nikisema neno moja la mama yangu shuleni, mwalimu ananivalisha kibao shingoni mpaka jioni."

Mama Delfina akaacha kutafuna. "Hata ninyi Wazungu?"

Mimi nilishika shingo yangu bila kujua. Na mimi nilivalishwa kibao hicho, darasa la tatu, kwa kusema Kisafwa uwanjani. Miaka tisa nimefanya kazi na mtu huyu na hatukuwahi kuambiana.

"Wenyewe wanawaitaje ninyi?" Mzee Ngonyani akauliza.

Bruda Hendriki akaweka sahani chini. "Kwa Kifaransa Mflemi ni flama," akasema. "Neno lenyewe si baya. Ukilisoma kitabuni, ni mtu wa Flandria, kwetu kaskazini, basi. Lakini inategemea nani analisema, na kwa nani, na mbele ya watu gani. Akilisema bwana mkubwa kwa mtumishi wake, maana yake wewe ni mshamba, mikono yako ni ya kushika jembe tu, kaa kimya."

Lambati, Mwaloni, ndiye aliyetuachia neno hilo. Sikula tena. Wali uliobaki nilimpa konda.

Makambako

Maksai walitutoa baada ya dereva kusema samahani kwa sauti ambayo ng'ombe wangeweza kusikia. Lakini gia ilikuwa imeumia, tukapanda milima kwa mwendo wa kobe. Tuliingia Makambako jua likizama, na dereva akatangaza, "Ndugu abiria, safari inaishia hapa mpaka fundi apatikane." Baridi ya Makambako mnaijua. Bruda alitazama saa yake, akatazama barabara ya Iringa.

Pale ndipo Mzee Ngonyani alipoachana nasi kushika njia ya Songea. Alipopanda gari lake, Mama Delfina akamtupia dirishani viazi vitamu vyake vyote vya njiani. "Kula, usinifie njiani, nani atanifanyia fujo msibani?" Akageuka upesi, akajifuta macho kwa ncha ya kile kitenge. Bruda aliyaona hayo yote. Baadaye aliniuliza kama walikuwa wanajuana tangu zamani. Nikamwambia walikutana asubuhi ile kwenye basi.

Mama akaenda kulala kwa ndugu zake. Sisi tukapata chumba karibu na stendi, na chini yake kulikuwa na hoteli ya chai ya tangawizi na viazi vya kukaanga na nyama ya mbuzi ngumu. Bruda alikula bila kuonja. Mimi sikuweza kuvumilia.

"Bruda, lile neno. Sisi kazini..."

"Najua mnalisemaje."

"Miaka yote hii kwa nini hukutuambia?"

Akaweka kijiko chini. "Ningesema nini? Ningesema, mafundi, acheni kuita ukuta mbovu kwa jina la mama yangu? Mngeona aibu, msingenitazama tena. Nilifikiri litaisha lenyewe."

Ndugu zangu, mimi ni Msafwa. Ninyi wengine mmezaliwa na majina ambayo hakuna anayeyatupa sokoni. Mimi nimekua nasikia mtu akisukumwa pale mjini anaambiwa, "Toka, Msafwa wewe!", na anayeambiwa wala si Msafwa. Ameitwa hivyo kwa sababu nguo yake imechanika. Hilo ni jina la baba yangu na babu yangu, na limegeuzwa kuwa la nguo iliyochanika. Nililijua hilo tangu utoto, linaniuma mpaka leo. Na bado nilikwenda kumfanyia mtu mwingine jambo lile lile, nikacheka.

Nikamwambia hivyo, nusu kwa kulia. Akanishika bega kwa ule mkono wake mzito, akasema nisijali, sikujua. Na hapo ndipo ningesema habari ya mirunda, maana nafasi ilikuwa wazi kabisa. Lakini alikuwa amekwisha kunisamehe kosa moja usiku ule, nikaona haya kumletea la pili. Tukaenda kulala.

Mafinga

Ijumaa kabla ya mapambazuko Mama Delfina alirudi stendi, tukapata lori la viazi. Bruda alipewa kiti cha mbele, akakikataa, akampa Mama Delfina, tukakaa wawili juu ya magunia tumejifunika turubai. Nilijaribu kusema tena huko juu. Upepo ulichukua kila neno. Mara mbili alisema "Nini?" na mara ya tatu akaniambia nifunge mdomo nisije nikapata kifua.

Tungefika Kihesa saa tatu na ushei. Ila dereva huyu alikuwa ameoa Mafinga mwaka huo huo, na akasema hawezi kupita na lori pale bila kufika ukweni, maana watamwona. "Dakika tano tu, Bruda," akasema. Ninyi mmeoa, mnajua dakika tano za ukweni. Mama mkwe alikuwa shambani. Akatumwa mtu amwite. Mkwe haingii ndani mwenyewe, akabaki amesimama mbali, kofia mkononi, macho chini. Mama mkwe alipofika alipitia nyuma ya nyumba wasikutane uso kwa uso, akatuma salamu kwa mdomo wa shemeji. Dereva akajibu kwa shemeji. Salamu zikaenda na kurudi habari ya mvua, ya mahindi, ya tumbo la mke wake. Kisha ukatoka ulanzi, pombe ya mianzi, kwa wageni, na kuukataa ulikuwa utovu wa adabu.

Bruda aliupokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akanywa wote. Saa yake ilionyesha saa nne kasoro robo. Akavuta mkono wa shati, akaifunika.

"Saa nne atakuwa ameondoka," akaniambia. "Wacha tumalize ulanzi wa watu."

Nikaondoka pale, nikamwendea dereva nikamwambia kuna mgonjwa anangojwa Iringa. Akashtuka. Akasema kwa nini hatukusema mapema, mgonjwa angetangulia salamu zote. Kutosema mapema ni tabia yangu.

Kihesa

Tuliingia Kihesa saa sita kasoro. Mama Delfina aliteremka na kutuonyesha nyumba ya mabruda, akakataa kwenda kwake mpaka ajue mwisho. Sikutegemea kukuta kitu. Lakini Landrova ilikuwa bado uani, milango wazi, mizigo imefungwa juu, na dereva wake amelala kwenye usukani.

Sista mmoja muuguzi akatoka mbio. Hakutusalimu hata.

"Ninyi ndio mmeleta flama?"

Tukatazamana.

"Gari linangoja tangu saa nne," akasema. "Bruda Lambati ameshika nguzo ya baraza kwa mkono wake mzima, hatumwezi. Anasema hapandi mpaka flama ije. Tumetafuta kwenye dawa zake, tumefungua mizigo yote. Tumemwuliza ni kitu gani, analia tu. Tukamwambia hakuna tuliyemwagiza kitu. Anasema inakuja."

Bruda Hendriki akavua kofia.

"Flama ni mimi, Sista," akasema. "Mimi ndiye Mflemi."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha baraza, blanketi magotini, mkono wa kulia umekumbatia nguzo. Amekonda zaidi. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umelegea na maneno yalimtoka kwa shida. Alipomwona Hendriki hakuachia nguzo, aliikaza zaidi. Walizungumza Kiswahili. Sijui kama mnakumbuka, hata wakati wa kujenga walizungumza Kiswahili wao kwa wao, kwa sababu mmoja hakutaka Kifaransa na mwingine hakuwahi kujifunza Kiflemi.

"Umechelewa," akasema Lambati.

"Ng'ombe," akasema Hendriki. "Na mkwe."

Kisha wote wawili wakatazama sakafu. Wazee wawili wenye mvi, na hakuna aliyejua aanze wapi. Nikajua kwamba kama sikusema sasa sitasema. Nikapiga magoti pale barazani.

"Mabruda wangu, lile tao. Si chokaa na si matofali. Niling'oa mirunda."

Hendriki akageuka. "Mingapi?"

"Sita."

"Upande gani?" akauliza Lambati.

"Kushoto, Bruda."

"Nilisema kushoto!" Lambati akapiga nguzo. "Nilisema kuna kitu kushoto!"

"Hukusema kushoto!" Hendriki akapaza sauti. "Ulisema mkono wangu! Mimi ndiye nilisema tupime kushoto!"

"Ulisema baadaye!"

"Ungenisikiliza saa ngapi, ulikuwa unapiga kelele!"

Halafu wakanigeukia kwa pamoja. Sitaandika yote waliyoniambia. Mengine yalikuwa Kifaransa, mengine Kiflemi, na yaliyokuwa Kiswahili nilistahili. Mmoja akiishiwa pumzi mwenzake anapokea. Sista alitaka kuwazuia kwa ajili ya mgonjwa, Mama Delfina akamshika mkono akamwambia awaache. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, machozi yananitoka, na ndugu zangu, sijapata kufurahi kutukanwa namna ile.

Lambati ndiye aliyenyamaza kwanza. "Ulifanyia nini mirunda yetu?"

"Msiba, Bruda. Baba mdogo. Mvua ilikuwa inawanyeshea watu."

Wakatazamana. Lambati akafumba macho.

"Ungesema tu, mtoto wangu," akasema. "Ungesema tu. Tungekupa mirunda mingine. Tungekuja kukaa na ninyi."

Hilo lilinikata kuliko matusi yote. Miaka tisa niliogopa kwamba wangenifukuza kazi. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba wangekuja msibani.

Kisha akaachia nguzo, akamshika Hendriki kifundo cha mkono. Alisema neno moja moja. "Nilikutukana mbele ya mafundi wako. Kwa jina la watu wako. Baba yangu alilisema hivyo kwa vibarua, nikalichukua kwake. Nimeona aibu. Niliandika barua nyingi, zote nimechana."

"Mimi sikuandika hata moja," akasema Hendriki. "Nilikaa kimya ili uumie."

"Niliumia."

"Na mimi."

Dereva alikuwa ameamka, anawasha gari. Tukambeba Lambati na kiti chake. Nilipotaka kumweka katikati ya kiti cha nyuma, Hendriki akanisukuma pembeni, akaingia yeye kwanza na viatu vyake vya matope.

"Sogea huko, Mwaloni," akasema kwa sauti kubwa. "Tangu lini mtumwa anakaa kiti kizima peke yake?"

Ule upande mzima wa uso wa Lambati ulishangaa. Mama Delfina alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. "Watani hao!" akamwambia Sista. "Watani, niliwajua!" Na Lambati akaelewa, sijui kwa vipi, labda kwa miaka aliyokaa na Wahehe. Akainua mkono wake mzima, akachukua kifuko cha karanga kilichokuwa kwenye mfuko wa shati la Hendriki, akakitia kwake.

"Asante, flama," akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia neno hilo likitoka mdomoni mwa mtu bila uchungu.

"Bruda, unateremka wapi?" nikauliza.

"Dar es Salaam. Mlima Kitonga una kona nyingi, ataangukia upande mbovu. Nitamshika."

Alikuwa anaondoka na zile nguo alizovaa tu. Mfuko wake ulikuwa bado mkononi mwangu. Nilikimbia nyuma ya gari mpaka barabarani, nikampa dirishani. Walikuwa wamekwisha kuanza tena, mmoja anasema tao lilihitaji mirunda kumi na mbili na mwingine anasema kumi na nne, na kila mmoja anamwita mwenzake kichwa cha mbuzi. Bruda Hendriki akatoa kichwa nje.

"Yohana! Ile lenta bomoeni. Tunataka tao letu. Na mkifiwa, semeni!"

Bado hajarudi. Amesema atakaa naye mpaka ndege iondoke, na ndege yenyewe haijulikani. Mimi nimekwisha kukata mirunda ishirini, imelala mbele ya kanisa, kila mtu ameiona na hakuna aliyejua ni ya nini. Kesho njooni na nyundo.